Seve alikuwa na mjomba

Jumamosi iliyopita aliingia dukani kijana wa bodaboda, kioo cha simu yake kimepasuka kona hadi kona kama utando wa buibui. Mafinga siku hizi bodaboda ni nyingi na malori ya barabara kuu hayana huruma, kwa hiyo vioo vya simu ndivyo vinavyonilipia kodi ya fremu. Nikamwambia akae kwenye benchi, nusu saa itatosha. Kukaa kimya hakuweza. Akaazima simu ya mwenzake, akaanza kutazama wale wahamasishaji wa mtandaoni, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Mara nikasikia jina la mchezaji gofu ambalo sikutegemea kulisikia kwenye duka la fundi simu.

"Seve Ballesteros," anasema jamaa, tena analitamka vibaya, "alianza na fimbo moja tu, ufukweni, hana kocha, hana hela. Wewe unayelalamika huna mtaji, kisingizio chako nini?"

Nilikuwa nimeshika bisibisi ile ndogo ya nyota. Nikaiweka chini.

"Dogo, huyo anakudanganya," nikamwambia. "Siyo yote. Lakini kakuficha mjomba."

Akaniangalia kama anayejiuliza kama simu yake iko salama mikononi mwangu. Fundi simu wa Mafinga na gofu wapi na wapi?

Mimi nilikuwa kedi. Miaka minne, kuanzia 1992 nikiwa na miaka 13, nilibeba mabegi ya watu kwenye uwanja wa mashimo tisa uliozungukwa na chai pande zote. Uwanja wenyewe sitautaja, kwa sababu nitakayosema hapa chini yanagusa watu ambao wengine bado wapo. Inatosha kujua ni huku huku kwenye chai, ambako ukungu wa mwezi wa sita ukishuka, mtu aliye mbele yako hatua kumi unamjua kwa kikohozi. Baba alikuwa mchumaji, mama naye akichuma kwa msimu. Sisi watoto wa kambini tulikusanyika chini ya mkaratusi kila Jumamosi asubuhi, miguu peku kwenye umande, tukingoja magari yaje na mabegi. Mabwana walichagua kedi kama mtu anavyochagua kuku mnadani. Wewe hapana. Yule mrefu, haya njoo.

Mimi nilikuwa wa Injinia. Alikuwa mkuu wa mitambo ya kiwanda cha chai, mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Mpira ukimpotea kosa ni la kedi, ukienda vizuri sifa ni zake. Lakini alilipa palepale, hakukopa, na alikuwa na wema mmoja ambao nadhani hakujua kama ni wema: majarida yake ya zamani ya gofu, yaliyoachwa na Wazungu waliokwisha kurudi kwao, akishayachoka alinipa nijalidie madaftari. Katika mojawapo ndimo nilimoiona ile picha. Kijana wa nywele nyeusi, sweta ya bluu nzito, kakunja ngumi kaipandisha hewani, kacheka kama mtu aliyepigiwa simu kwamba mkewe kajifungua salama. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la sita. Nilichoambulia ni St Andrews, 1984, na hilo jina. Nikaibandika ukutani juu ya kitanda kwa ugali wa jana, maana gundi hatukuwa nayo. Panya walikula kona zote nne, ngumi wakaniachia.

Basi, mwenye ngumi alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 huko Pedreña, kijiji cha kaskazini mwa Hispania, ng'ambo ya ghuba ukitokea mji wa Santander. Ni kijiji cha wavuvi na wakulima wadogo. Baba yake alifuga ng'ombe, na alisifika kwa kupiga makasia kwenye mashindano ya mitumbwi. Pembeni ya kijiji, tangu 1928, kuna uwanja wa gofu wa watu wenye nafasi zao. Mtoto wa kijiji aliingia pale akiwa na begi la mtu begani, vinginevyo asubiri giza. Niliposoma hilo, miaka mingi baada ya ugali kukauka ukutani, nilijisikia kama nimekutana na mtu wa kambini kwetu.

Na fimbo moja ni kweli. Mwanzo hata hiyo moja haikuwepo: aliokota kichwa cha fimbo ya zamani, akakitia mpini wa kijiti, mipira yake kokoto. Kisha akapewa chuma namba 3.

Kwa wasioujua mchezo, begi la gofu linaruhusiwa fimbo 14, na kila moja ina kazi yake kama visu vya buchani. Chuma namba 3 uso wake umesimama karibu wima. Mpira unatoka chini chini na kwenda mbali. Ni fimbo ngumu, wazee wengi niliowabebea waliiogopa, ilikaa kwenye begi kama mgeni asiyezungumzishwa. Na kama kuna mahali haifai kabisa ni mchangani, kwa sababu huko unahitaji fimbo iliyolala, yenye kitako kinene, inayoteleza chini ya mpira na kuunyanyua. Seve alikuwa na hiyo namba 3 na mchanga wa ufukwe mzima. Akajifunza kuilaza: unaufungua uso wa fimbo mpaka unatazama mbinguni, unashusha mikono, unakunja magoti kama unataka kukaa kwenye kigoda, halafu unapitisha haraka chini ya mpira bila kuchimba. Ukikosea nusu kidole, mpira unabaki hapo hapo au unaruka kwenda kwa jirani. Alifanya hivyo kutwa nzima, miaka. Alipokuja kupewa fimbo sahihi ya mchangani ilikuwa kama mtu aliyezoea kulima kwa kisu cha jikoni anakabidhiwa jembe.

Ninaliamini hili kwa sababu nami nilikuwa na yangu. Siku moja Injinia alikosa mpira shimo la tano, akapiga fimbo kwenye mti, chuma namba 7 ikakatika karibu na mshikio. Akaitupa kwenye chai. Jioni nikarudi kuitafuta. Ilikuwa fupi, na mimi nilikuwa mfupi. Nikaizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, ikawa fimbo. Kwenye grini, zile nyasi fupi zenye shimo, ambako watu hutumia pata, fimbo ya kuviringishia mpira, nilijifunza kuupiga mpira kwa ncha ya chini ya chuma, katikati kabisa ya tumbo la mpira, ukawa unaviringika bila kurukaruka. Hakuna aliyenifundisha. Miaka ishirini baadaye nikaona kwenye simu wachezaji wa kulipwa wakifanya hivyo hivyo wakibanwa, na nikapiga kelele dukani peke yangu.

Sasa turudi kwa mjomba. Hiyo chuma namba 3, nani alimpa Seve? Hakuiokota ufukweni wala hakudondoshewa na malaika. Alipewa na kaka yake mkubwa, Manuel, na Manuel alikuwa mchezaji wa gofu wa kulipwa. Kaka wengine wawili, Baldomero na Vicente, nao vilevile. Na mama yao, Carmen, alikuwa na kaka yake aitwaye Ramón Sota. Huyu mjomba Ramón, naye mtu wa hapo hapo Pedreña, mwaka 1965 alicheza mashindano makubwa ya Masters kule Augusta, Marekani, akamaliza wa sita. Wa sita! Seve alikuwa na miaka minane. Yaani mtoto anapiga kokoto mchangani, na akirudi nyumbani kula, kuna mtu wa ukoo amesimama kwenye majani ya Augusta na kurudi na hadithi.

Hicho ndicho wahamasishaji wanachokikata. Umaskini wa fimbo moja wanautaka kwa sababu unapendeza kwenye video. Mjomba hawamtaki, anaharibu somo. Mimi nadhani fimbo moja ilimpa mikono, lakini mjomba ndiye aliyempa wazo kwamba mtoto anayebeba mabegi anaweza kufanya hii kuwa kazi. Hilo halipatikani ufukweni.

Mimi pia nilikuwa na mjomba uwanjani. Ila wangu alikuwa ameshika tochi na rungu. Kaka yake mama, mlinzi wa zamu ya usiku, aliyepewa pamoja na mambo mengine kazi ya kuhakikisha watoto wa kambini hawachezi kwenye nyasi za wakubwa. Nilikuwa naingia alfajiri, kabla ya king'ora cha kiwanda, mbalamwezi ikiwepo. Natokea upande wa chai, shimo la nne, napiga mipira mitatu niliyookota, nakwenda kuitafuta kwa miguu zaidi ya macho. Mwezi mzima hakuna aliyenisumbua. Nilijiona mjanja.

Siku aliyonikamata alisimama nyuma yangu kwenye ukungu, kimya, mpaka nikamaliza kupiga. Nakumbuka alisubiri nimalize.

"Mjomba," akasema. Kwetu mjomba na mpwa mnaitana hivyo hivyo. "Mjomba, lete hiyo."

Akanichapa viboko viwili vya matakoni, vya kweli, akachukua fimbo akaondoka nayo. Kesho yake kambini hakuzungumzia, na mama hakuambiwa. Nilimchukia mpaka nilipoanza kujitegemea. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba alikuwa ananiona tangu siku ya kwanza na kugeuzia tochi kwingine. Kuna mkubwa mmoja alikuta alama za miguu peku kwenye grini, akawaambia walinzi akiziona tena mmoja wao atakwenda kulima kwao. Niliacha kubeba mabegi mwaka 1996, Injinia alipohamishwa. Nikaenda kujifunza redio, kisha simu.

Nilimsimulia yule dogo hayo wakati natoa gundi ya kioo cha zamani. Akauliza, "Sasa huyo Mspania alishinda nini?" Swali halali. Wengi wanamjua kwa fimbo ya ufukweni tu.

Aliingia ulipwaji Machi 1974, hajatimiza miaka 17. Mwaka 1976, ana miaka 19, Kiingereza chake cha kuombea maji, aliongoza mashindano ya Open ya Uingereza kwa siku tatu kati ya nne pale Royal Birkdale. Siku ya mwisho Johnny Miller wa Marekani akampita na kushinda kwa tofauti ya mikwaju sita, maana kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye bingwa, naye Seve akamaliza wa pili sawa na Jack Nicklaus, simba wa enzi hizo. Shimo la mwisho lilimkuta mpira uko pembeni, kati yake na bendera kuna mashimo mawili ya mchanga na njia nyembamba katikati. Kila mwenye akili angeurusha juu. Yeye aliupitisha chini, katikati ya michanga miwili, ukaviringika kama mtoto anayepita kati ya wazee waliokaa. Huo ni mpira wa chuma namba 3, hata kama fimbo aliyoshika haikuwa namba 3.

Mwaka 1979, Royal Lytham & St Annes, akaichukua Open yenyewe, ana miaka 22. Hakuna mtu wa bara la Ulaya aliyekuwa ameishinda tangu Mfaransa Arnaud Massy mwaka 1907. Kinachokumbukwa ni shimo la 16 siku ya mwisho: alipiga draiva, fimbo ya mkwaju wa kwanza wa mbali, ikaenda kulia mpaka kwenye maegesho ya magari, mpira ukatulia karibu na gari la mtu. Akaruhusiwa kuudondosha mpira bila adhabu, akapiga kutoka pale hadi kwenye grini, akautumbukiza kwa mkwaju mmoja zaidi. Wapo waliomwita bingwa wa maegesho. Walidhani wanamtukana. Alishinda kwa mikwaju mitatu, na waliofuata nyuma yake, pamoja, ni Nicklaus na Ben Crenshaw.

Mwaka 1980 akaenda Augusta, kule kule kwa mjomba Ramón. Zikiwa zimebaki shimo tisa alikuwa anaongoza kwa mikwaju 10. Halafu akaanza kuugawa uongozi kama mtu mwenye sherehe, mpaka ikabaki mitatu, kisha akajishika akamaliza na minne. Ndiye Mzungu wa Ulaya wa kwanza kuvaa koti la kijani, lile la bingwa wa Masters. Mwaka huo huo, kwenye US Open, alichelewa kufika muda wake wa kuanza na kuondolewa. Nampenda zaidi kwa hilo. Bingwa wa Masters, kakosa daladala!

Akairudia Masters 1983. Akaichukua Open ya St Andrews 1984, ndiyo ile picha yangu ya ugali: mpira wa mwisho shimo la 18 ulisita mdomoni mwa shimo, kama unafikiria, kisha ukaingia, na ngumi ikapanda. Tom Watson na Bernhard Langer wakabaki nyuma kwa mikwaju miwili. Ngumi hiyo ikaja kuwa nembo yake. Na Open ya tatu, 1988, Lytham tena, akapiga raundi ya mwisho ya mikwaju 65 kumshinda Nick Price wa Zimbabwe. Safari hii alipofika shimo la 16, lile la maegesho, alipiga chuma namba 9 mpira ukasimama sentimita chache tu kutoka kwenye shimo. Safari hii maegesho hayakuhusika.

Mashindano makubwa matano kwa jumla. Halafu Kombe la Ryder, lile la timu kwa timu dhidi ya Marekani, ambalo ni habari ndefu na nitaikata. Mpaka 1977 Wamarekani walicheza na Waingereza na Waairishi tu, wakawa wanawapiga kama ngoma. Kuanzia 1979 watu wa Ulaya nzima wakaruhusiwa, na kwa kiasi kikubwa ni kwa sababu yake. Mwaka 1981 wakamwacha nje kwa ugomvi wa malipo ya kualikwa mashindanoni. Alisema Wamarekani wakija Ulaya wanalipwa kwa kutokea tu, yeye kwa nini asilipwe? Kedi yeyote angemwelewa. Akarudi 1983, na 1985 Ulaya wakashinda mara ya kwanza baada ya miaka 28. Yaani tangu 1957, mwaka aliozaliwa. Na mwenzake José María Olazábal, naye Mspania wa kaskazini, mtoto wa mtunza nyasi wa uwanja, walicheza pamoja mechi 15 za kombe hilo na kupoteza mbili tu.

Lakini kama ningeruhusiwa kuwa mahali pamoja katika maisha ya huyu mtu, nisingekwenda St Andrews wala Augusta. Ningekwenda Crans, milimani Uswisi, Septemba 1993, na ningependa niwe kedi.

Shimo la 18, siku ya mwisho. Anawania ushindi, akapiga draiva kulia sana, kama kawaida yake, maana draiva ya Seve haikuwahi kunyooka hata alipokuwa bingwa. Mpira ukatulia hatua chache nyuma ya ukuta mrefu kuliko mtu. Juu ya ukuta matawi ya miti. Ng'ambo ya ukuta bwawa la kuogelea na vibanda. Grini iko huko ng'ambo, zaidi ya mita mia. Kedi wake, Billy Foster, anamwambia arudishe mpira pembeni kwenye nyasi fupi, kisha ndipo aipigie grini. Anamwambia tena. Anamsihi.

Hapa ndipo watu wasiowahi kubeba begi hawaelewi. Kedi akisema "rudisha pembeni" hasemi kwa woga. Anasema kwa sababu yeye ndiye atakayeukumbuka ukuta huo usiku. Mchezaji anaona upenyo. Kedi anaona mpira ukigonga ukuta na kurudi usoni mwa bosi wake. Nimewahi kusimama hivyo na Injinia, nyuma ya mkaratusi, nikamwambia, "Mzee, tutoke kwa pembeni," akanitazama kama nimemtukana mama yake. Mpira wake uligonga mti ukarudi ukapita katikati yetu. Alinikata nusu ya hela.

Seve alipiga magoti akachungulia. Kati ya kichwa cha ukuta na matawi kulikuwa na tundu. Akachukua fimbo iliyolala, akaifungua uso, magoti yakakunjwa kama kwenye kigoda, na nadhani wakati ule hakuwa Uswisi hata kidogo, alikuwa mchangani Pedreña. Mpira ukapanda karibu wima, ukapita tunduni, ukavuka ukuta, ukavuka bwawa, ukaanguka karibu kabisa na grini. Inasemwa kama mwujiza. Kisha kutoka pale nje akautumbukiza kwa mkwaju mmoja.

Na hakushinda. Barry Lane alimpita kwa mkwaju mmoja. Hilo nalo huwa linakatwa kwenye video.

Yalimpata mengine mabaya zaidi ya hayo. Mwaka 1986, mwezi mmoja tu baada ya kumzika baba yake, alikuwa anaongoza Masters zimebaki shimo nne, akapiga chuma namba 4 shimo la 15 ikazama kwenye maji. Nicklaus, mzee wa miaka 46, akachukua. Mwaka uliofuata akaingia kwenye mchujo wa nyongeza hapo hapo Augusta, akakosa mpira mfupi kwenye shimo la kwanza tu, akaurudia mlima mzima kwa miguu akilia. Mgongo ukaanza kumla. Ushindi wake wa mwisho ulikuwa Open ya Hispania 1995, akiwa na miaka 38 tu. Kwa jumla mataji 90 duniani, 50 kati yake kwenye mashindano ya ziara ya Ulaya, rekodi. Lakini miaka iliyofuata alihangaika tu, draiva inakwenda kwa majirani na mikono haiwezi tena kuirudisha. Akatangaza kustaafu Julai 2007. Oktoba 2008 akaanguka uwanja wa ndege wa Madrid. Ilikuwa uvimbe kwenye ubongo. Akafanyiwa upasuaji mara kadhaa. Alifariki nyumbani Pedreña, 7 Mei 2011.

Na kuna jambo moja ambalo huwa nalisimulia hata kwa watu wasiouliza. Mwaka 2017 Sergio García, Mspania, alishinda Masters. Siku hiyo ilikuwa 9 Aprili, Seve angetimiza miaka 60. Mwaka 2023 Jon Rahm, Mspania wa Barrika, pwani ile ile ya kaskazini, naye akaishinda. Siku: 9 Aprili. Miaka 40 tangu koti la pili la Seve. Ukiwahesabu na Olazábal aliyeshinda 1994 na 1999, Wahispania wamelivaa koti lile mara sita, na mlolongo wote huo unaanzia kwa mjomba aliyeshika nafasi ya sita.

"Kwa hiyo mjomba wako ndiye aliyekukwamisha," dogo akasema.

Nikamwambia kioo tayari, elfu 35, na asiiweke tena kwenye mfuko wa nyuma. Akalipa. Alitoka akijaribu kupunga kitu hewani kwa mikono miwili kwenye baraza, karibu ampige mama wa vitumbua.

Mjomba alipostaafu, nadhani 2004, aliniita kwake maeneo ya Igowole. Akapanda kwenye dari akashusha kitu kimefungwa kwenye gunia la chai. Chuma namba 7, mpira wa tyubu bado umezungushwa. Alikuwa anaipaka mafuta ya kula kila masika, isishike kutu. Hakusema chochote, nami sikusema. Ipo dukani nyuma ya mlango. Naitumia kuvutia waya uliokwenda mbali juu ya kabati.

Jumapili, bado nina hasira na yule mhamasishaji, nikapanda Noah kwenda kumwona. Nikampelekea sukari kilo mbili na majani ya chai, ya dukani, ingawa amezungukwa na chai maisha yake yote. Kamwene, kamwene. Tukakaa jikoni kwenye moto. Masikio yake siku hizi mpaka umsogelee.

"Mjomba," akaniuliza, "yule Mspania wako wa ukutani, bado yupo?"

"Alishakufa, mjomba. 2011."

"Alikuwa mzee?"

"Miaka 54."

Akasogeza kuni. Akakaa muda. Kisha akaniambia nifunge mlango, ukungu unaingia.